Joho Lililooshwa

Mvua ya kwanza ya Coimbra ilinikuta nikiifurahia, na kwa sababu hiyo watu wakanidhania mgonjwa.

Jumapili hiyo nilikuwa nashuka kutoka kujisomea chuoni kwa zile ngazi za mawe ambazo wenyeji wenyewe wameziita Vunja Mgongo, jina ambalo lingetosha kumfanya mtu mwenye akili azunguke njia nyingine. Wingu likapasuka. Sasa, kwetu Mindelo mvua ni mgeni wa heshima. Inaweza kukaa mwaka mzima bila kubisha hodi, na siku ikija mwenye duka anaacha mizani, walimu wanafungua milango ya madarasa, na hata bibi aliyelala na homa anatolewa nje na kiti chake ili imguse. Basi nikasimama katikati ya ngazi, nikakunjua mikono, nikainua uso, nikasubiri wenzangu watoke tufurahi pamoja.

Walikimbia wote. Mama mmoja mtu mzima mwenye kikapu cha magurudumu alinipita, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Binti," akasema, "huna kwenu?"

Akaingia duka la mikate. Lilikuwa swali zito kuliko alivyojua. Nikalitafakari kidogo, kisha nikapiga hatua, mawe yakateleza, na ngazi zilizobaki nikazishuka kwa makalio.

Siku zangu zote za mwanzo zilikuwa na mwendo huo. Nilisalimia kila mtu barabarani kama nilivyolelewa, mpaka mzee mmoja akaniuliza ninauza nini. Nilikuwa nimekuja kusomea uhandisi wa maji, mimi wa kisiwa kisicho na maji, na somo la kwanza nililisikiliza hadi mwisho na kuandika kila kitu kabla ya kugundua kwamba lilikuwa somo la magonjwa ya zabibu, chumba cha jirani. Asubuhi iliniamsha kengele ya mnara wa chuo, ambayo wanafunzi wanaiita Mbuzi, na kila ikilia nilikaa kitandani nikisubiri kusikia cherehani ya mama chumba cha pili. Ilikuwa hailii. Chumba cha pili alikuwa akikoroma mtu wa sheria.

Nilivumilia, kwa sababu nilikuwa na akiba yangu. Chini kabisa ya sanduku langu, chini ya nguo zote, kulikuwa na kitu kimoja, na nilikuwa nimejiwekea ahadi kwamba sitakigusa mpaka siku nitakayoshindwa kabisa.

Nyumba yetu ilikuwa ya wanafunzi watupu, nyumba ya zamani katika mji wa juu, kuta nene, vyumba baridi, jiko moja na meza moja ambayo wote tulikula hapo kwa zamu ya kupika. Siku ile ya mvua aliyenifungulia mlango alikuwa Graciete.

"Umetumbukia mtoni?"

"Mvua."

"Mvua naiona, bibie. Nauliza wewe ulikuwa wapi wakati inanyesha."

"Nilikuwa nayo."

Akageukia jikoni. "Mzee, njoo umwone mtu wa visiwani. Wametuletea mwingine asiyejua kazi ya mwavuli."

"Kwani wewe si wa visiwani?" nikamwuliza. Alikuwa wa Azores, anasomea ufamasia.

"Mimi ni wa visiwa vya ng'ombe na ukungu. Kwetu mvua haina likizo. Usinichanganye na nyie wa vumbi."

Mzee hakuwa mzee. Jina lake Gaspar, ni kijana wa milimani huko Viseu, lakini alikuwa amesomea sheria kwa muda mrefu kiasi kwamba waliomfundisha mwaka wa kwanza walikwisha kustaafu, na wawili alikwisha kuwazika. Ndiye huyo aliyekuwa akikoroma. Zamu ya kupika ilikuwa yake, na kwa kuwa nyumba haikuwa na moto isipokuwa wa jiko, alikuwa akikoroga supu huku amejifunika joho lake la kichuo.

"Mwambie avue hizo nguo kabla hajafa humu ndani," akasema bila kugeuka. "Mimi sitazami. Nina supu."

Shida ilikuwa ya kuvaa nini. Sweta nilikuwa nayo moja mwilini, inachuruzika, na nyingine ilikuwa kwenye kamba nje ya dirisha, nilikoianika asubuhi ipate jua.

"Huna hata koti?" Graciete akauliza.

Nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana. Tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa ametaja jina langu, na aliyenisemesha alikuwa ameniuliza kama nina kwetu. Nikaona siku yenyewe imefika.

"Nina joho," nikasema. "La baba yangu. Naye alisoma hapa."

Mzee akageuka, akasahau kwamba hatazami.

"Na siku zote hizi umelificha?"

"Sikulificha. Nililiweka akiba."

Baba yangu, Benvindo, alisoma Coimbra miaka mitatu, akaitwa kisiwani kumzika baba yake, na hakurudi tena. Cheti hakuleta. Alileta joho, lile jeusi lisilo na mikono, zito kama blanketi, linalofika miguuni. Akawa karani wa forodha bandarini, akamwoa mama yangu Adalgisa, na joho likaingia kwenye kasha chini ya kitanda. Kila lilipotolewa kupunga upepo, mama alinung'unika.

"Mimi fundi," alikuwa akisema, "na mume wangu anatunza matambara."

Alikuwa na haki ya kusema. Mama akishona Mindelo nzima inajua. Ikikaribia karnivali, vikundi hupanga foleni mlangoni kwake na manyoya yao na vito vyao vya kioo. Ukimpelekea shati lililotobolewa na sigara anakurudishia zima, na utaligeuza ndani nje mpaka uchoke, hutaona mahali. Na joho la baba lilikuwa limechanika kweli. Pindo lake la kulia lilikuwa na michaniko kama meno ya kitana, na nyuma, katikati, ulikuwapo mmoja mrefu unaopanda karibu na magoti. Nilipokuwa mdogo niliamini baba aliponyoka kwenye meno ya mbwa.

Julai ile jina langu lilipotoka, kwamba nimepata nafasi Coimbra, baba alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Mama alikuwa ametoka kwenda kumpima bibi harusi. Baba akaniita.

"Niletee joho, na ufunge mlango."

Nikamwekea mapajani. Akalipapasa kama mtu anayesoma gizani. "Unaona hii ya kulia? Hii ni marafiki. Kule, mtu akikupenda kweli anakuchania joho lako. Kwa mikono na meno. Mkasi haramu. Huyu alikuwa wa Braga, mpumbavu sana, nilimpenda. Huyu alikuja kuwa padri. Kushoto ni kwa familia."

Kushoto palikuwa pazima. Hata uzi mmoja haukuwa umetoka.

"Nani angekuja?" akasema. "Bibi yako alikuwa akiogopa hata meli ya kwenda kisiwa cha pili. Wenzangu wazazi wao walikuja, wakachana, wakalia, wakala. Mimi kushoto nilibaki mzima kama joho lililotoka dukani."

"Na huu wa katikati?"

"Msumari," akasema, akatazama dirishani.

Kisha akavuta pindo la kushoto. "Sasa linakuwa lako. Na kule mimi sitafika kukuchania. Kwa hiyo tunafanya hapa, wajipange wenyewe na sheria zao."

Akaling'ata. Akavuta. Meno ya bandia yakatoka yakabaki kwenye joho, yamelishika kama kaa, na yeye akabaki na mdomo mtupu ananitazama. Tulicheka mpaka akaanza kukohoa na mimi nikaogopa. Akanipungia mkono nisimsaidie. Yalikuwa yamebaki meno mawili ya kwake mwenyewe, upande mmoja, na kwa hayo mawili alitafuna ule upindo kidogo kidogo kama mtoto anayetafuna kamba, mpaka ukalegea, kisha akashika kwa mikono yote miwili na kuvuta. Kitambaa kikalia. Mchaniko wenyewe ulikuwa mfupi na mbaya, umepinda, una nyuzi zinazoning'inia na mate. Sijawahi kumwona mtu amechoka hivyo na kufurahi hivyo.

"Siku mji ukikukataa," akaniambia, "tia kidole hapa. Na kiwe kisafi."

Alifariki Agosti. Wiki zilizofuata mama aliifua nyumba nzima. Mapazia, mashuka, kofia za baba, hata mfuko wake wa tumbaku. Mimi nilikuwa nimekwisha kulitia joho kwenye sanduku langu na kulifunika na nguo zote, nikadhani liko salama. Uwanja wa ndege mama alinishika mashavu akasema, "Nimekutilia kitu kizuri kule chini. Usiende kuaibika mbele za watu." Nikadhani ni jibini.

Kwa hiyo mnajua tayari nilichokikuta. Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Nililivuta joho kutoka chini ya sanduku, na kabla halijatoka lote nilisikia harufu ya sabuni. Ile sabuni ya kwetu ya mche, na pasi. Baba alikuwa akinuka tumbaku na kafuri, na joho lilikuwa likinuka hivyo hivyo, nilikuwa nimelinusa siku nilipolitia sandukuni. Sasa lilikuwa limekunjwa mistari minyoofu kama bendera. Nikalitandaza kitandani. Nikatafuta kushoto. Nikaligeuza nikidhani nimekosea upande. Nikaligeuza tena. Pindo lilikwenda moja kwa moja, jeusi, laini, kutoka kona hadi kona, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kunipenda.

Nikashuka nalo jikoni nikiwa bado nimelowa.

"Mbona jipya?" Graciete akasema. "Baba yako alikuwa akilivaa kweli au alikuwa akilipiga picha?"

Mzee akaweka mwiko chini. Akashika upindo, akanusa, akanitazama kwa huzuni ya kitaalamu.

"Limeoshwa."

"Najua."

"Joho halioshwi, dada. Likipata mchuzi linabaki na mchuzi. La kwangu hili likisimamishwa linasimama lenyewe. Nani kaliosha?"

"Mama."

"Mama yako ana ugomvi gani na chuo?"

Graciete akampiga teke, kwa sababu yeye alikuwa ameniangalia usoni na Mzee alikuwa ameangalia kitambaa. Akavua sweta yake akanivika, akanikalisha karibu na jiko, akanipa bakuli la supu nishike kwa ajili ya joto tu. "Sema," akasema. Nikasema yote. Nilipofika kwenye meno ya bandia nilikuwa nacheka, nao wakacheka, kisha mimi nikawa ninafanya kitu kingine na wao wakaacha kucheka.

"Haujapotea," Mzee akasema. "Kitambaa hakipotei. Umeshonwa tu. Lete."

Wakalinyanyua wote wawili dirishani, kila mmoja na kona yake, kama watu wanaokunja shuka. Nje mvua ilikuwa imepungua na mwanga mweupe ulikuwa ukija kutoka mtoni. Kwa jicho la kawaida usingeona kitu. Lakini mwanga ulipopita nyuma ya kitambaa, kila palipokuwa na uzi wa mama palionekana peusi zaidi, mistari myembamba kama unywele.

"Mtakatifu Mariamu," Mzee akasema polepole. "Huyu mama ni hatari. Tazama kazi hii. Kulia, marafiki, wote wameshonwa. Hawa jamaa wote wameachwa siku moja."

"Wameachwa vipi?"

Mzee alikuwa amekwisha kuanza, akashindwa kujizuia. "Hapa kwetu mchaniko unashonwa mkiachana tu. Ukiona umeshonwa kwa uzi mweusi ujue mapenzi yalikwisha. Na huu wa katikati, huyu dada hakuwa na mchezo, angalia urefu..."

"Dada gani?" nikauliza.

Mzee akajishughulisha na kona yake ya joho.

"Katikati," Graciete akasema, akitazama supu, "ni mahali pa mpenzi. Mmoja tu."

"Baba alisema ni msumari."

"Basi ni msumari," Graciete akasema haraka.

"Msumari uliovaa sketi," Mzee akanong'ona, na teke la pili nililisikia mimi niliyekaa mbali.

Nilihesabu miaka kichwani bila kutaka. Ni kabla ya mama, hilo halikuwa na ubishi. Hakuna aliyekuwa amemkosea mtu. Lakini kwa sheria ya mji ule joho la baba lilikuwa limekaa chini ya kitanda cha mama, ndoa nzima, likiwa na mchaniko ule wazi. Ndiyo maana hakuwahi kumwambia mama habari ya kulia na kushoto. Ukimwambia mtu maana ya kulia na kushoto, atauliza ya katikati, kama mimi nilivyouliza, na mama si mtu wa kuambiwa msumari mara mbili.

Kwa hiyo mama yangu, bila kujua, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amemmaliza yule mwanamke. Ningempigia makofi. Ila kwa sheria hiyo hiyo, na kwa uzi huo huo, alikuwa ameniachanisha na baba.

"Kushoto upo mmoja," Graciete akasema. "Huu hapa. Mfupi, umepinda. Ni wenyewe?"

Nikaweka kidole. Hakikusikia kitu.

"Ni wenyewe."

"Basi tunaufumua," Mzee akasema. "Dakika mbili. Tunaufumua huu tu, mingine tunamwachia mama yako. Nani ana wembe?"

Graciete alikuwa nao. Alikuwa na mkono mzuri kuliko sisi, wa kupima dawa. Akalaza upindo juu ya meza, akapuliza, akakata uzi wa kwanza. Akakata wa pili. Kisha akainamisha kichwa karibu, akasimamisha wembe hewani.

"Ineida," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu. "Ulisema alichana kwa meno?"

"Kwa meno."

"Ulikuwa na nyuzi?"

"Ulikuwa na nyuzi kama ndevu."

Akanisogezea joho. Katika tundu lile dogo la nyuzi mbili nikaona ukingo wa kitambaa. Ulikuwa umenyooka. Fundi mzuri hashoni juu ya matambara. Mama alikuwa ameukata kwanza kwa mkasi, pande zote mbili, safi, ndipo akaunganisha. Mahali baba alipotafuna kwa meno yake mawili palikuwa pameangukia sakafuni Mindelo, na jinsi nimjuavyo mama, palifagiliwa siku hiyo hiyo. Tungefumua mpaka mwisho tungepata tundu la mkasi. Hata mimi ningeweza kujikatia la namna hiyo.

Mzee, kwa kukosa la kufanya, akarudi kukoroga supu iliyokwisha kuiva zamani.

Ndipo simu ikaita. Jumapili baada ya misa ndiyo ilikuwa saa ya mama.

"Mwanangu, umekula?"

"Nakula sasa hivi."

"Unakula nini?"

"Supu ya sukuma wiki na viazi."

"Supu si chakula. Sauti yako imekuwaje?"

"Nilinyeshewa."

"Kumenyesha?" Nikasikia akimwambia jirani, huko kunanyesha. Jirani akasema Mungu mkubwa. "Umefungua kule chini ya sanduku?"

"Nimefungua, mama."

Akasubiri. Namjua akisubiri, anashika kiuno.

"Na?"

"Zuri sana."

"Umeona mahali?"

"Sijaona."

"Hutaona," mama akasema, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tumzike baba. Kilikuwa kicheko chake kile cha karnivali, cha kumrudishia mtu nguo yake. "Utageuza ndani nje mpaka uchoke. Nilishona zile wiki nilizokuwa sipati usingizi. Nikikaa bure nakitazama kitanda, nikaona heri mkono uwe na kazi. Nikasema, mume wangu alikwenda kwa wasomi na matambara, mwanangu hatakwenda hivyo. Wamelisifu wenzako?"

Mzee na Graciete walikuwa wakinitazama. Kikrioli chetu, lugha ya nyumbani, walikuwa wakikipata nusu, na nusu ilitosha.

"Wamelisifu. Yupo mmoja hapa anasema wewe ni hatari."

"Mwambie asante. Uliokuwa ukinisumbua ni ule wa kushoto. Mingine ilikuwa ya zamani, imetulia, ila ule ulikuwa mbichi. Nyuzi zimekaa ovyo, kama umetafunwa. Nadhani ni panya. Ulisikia panya chumbani kwa baba yako?"

Nilitazama lile tundu la nyuzi mbili juu ya meza.

"Labda panya, mama."

"Mkubwa, basi."

"Mwenye meno mawili."

"Eti?"

"Nasema labda."

Nyuma yake nikasikia upepo wa Mindelo ukitikisa ile luva ya dirisha ambayo baba alikuwa akisema kila mwaka ataitengeneza. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Ningeweza kumwambia: mama, umeniulia kitu. Angeuliza kitu gani. Ningemwambia kushoto, naye angeuliza kulia, na baada ya kulia asingeacha kuuliza. Ingebaki kazi ya wiki zake za kukosa usingizi, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona, na jina la mwanamke mwingine juu yake.

"Na ule mrefu," mama akasema, sauti imeshuka. "Wa nyuma, katikati. Wewe ulikaa naye sana siku zile za mwisho. Aliwahi kukwambia aliupata wapi?"

Graciete akaweka wembe chini.

"Msumari, mama," nikasema.

"Ehe."

Luva ikapiga mara nyingine.

"Hata mimi aliniambia msumari," mama akasema. Kisha, kama anayenipa maelekezo ya kupika: "Ule nimeutia uzi maradufu."

Akaniambia nile kitu cha kutafuna, nisikae na nywele mbichi, nimsalimie yule aliyemsifu. Akakata simu yeye, kama kawaida yake, katikati ya salamu zangu.

Tulikula. Supu ilikuwa imetiwa chumvi mara mbili. Graciete alitaka kusema jambo akaishia kunikatia mkate mkubwa kuliko wake. Mzee akalivua joho lake linalosimama lenyewe, likanuka kitunguu na miaka yote ile ya sheria, akanitupia magotini. "La kukopesha," akasema. "Usilifue."

Baada ya kula niliomba sindano. Lile tundu lisingeweza kubaki vile, kesho lingekuwa refu. Mimi ni mtoto wa fundi ambaye hata kifungo sijawahi kukiweka sawa. Mama alikuwa akininyang'anya sindano kabla sijaaibisha nyumba. Nikatia uzi, ukatoka, nikatia tena. Nikashona mishono miwili kufunika ile miwili iliyokatwa. Mmoja ukaenda juu, mwingine ukaenda anakojua mwenyewe, na fundo likabaki nje, nene kama punje ya mtama.

"Ni mbaya hiyo," Graciete akasema akichungulia. "Lete nikurekebishie."

"Acha."

Nikalivaa la baba. Lilikuwa zito, linanuka sabuni, halikunijua. Nikateremsha mkono wa kushoto, nikapitisha kidole kwenye pindo, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, laini, laini, laini, mpaka kikagonga lile fundo.

Kilikuwa kimelowa supu. Nikakifuta kwanza, kisha nikakirudisha.